Idadi Niliyoitaja Bomani

Nikisikia mtu anasema kwamba vijana wa Tarime wa enzi zetu walikosa vyeo kwa sababu hawakupenda shule, damu hunichemka. Nimelisikia neno hilo misibani, kanisani, hata kwa wajukuu wa watu waliosoma nami darasa moja. Tulipenda shule. Ni shule iliyotupangia tujue nini na tusijue nini, halafu ikaja siku wakatuuliza tusichokijua.

Katika miaka hiyo ya hamsini lori la jeshi lilikuwa likija Tarime kuchukua vijana. Walipangwa mstari mbele ya boma, wakavua mashati, wakagongwa kifua, wakafunguliwa midomo kama ndama wa mnadani, wakaambiwa wakimbie hadi mtoni na kurudi. Aliyerudi bado anapumua vizuri alipanda lori. Sikumwona hata mmoja akiulizwa mbili na mbili ni ngapi. Kwa kazi ya kupigwa risasi, kifua kilitosha.

Baba yangu alipanda lori kama hilo wakati wa vita, akapelekwa Burma, akarudi na koti zito la jeshi, medali na mguu uliokuwa ukimuuma kila mvua ikikaribia. Alikuwa amebeba makombora ya mzinga mdogo kwenye misitu yenye matope. Hakuwa mtu wa kusimulia vita. Kitu kimoja tu alikirudia mara nyingi, kuhusu ofisa wao, kijana wa Kizungu ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota.

"Anatazama kilima," baba alikuwa akisema, "anaandika kidogo kwenye karatasi, anatamka neno. Sisi tunageuza mzinga, na kombora linaangukia palepale alipotaka. Tuko watu wazima, wengine tuna watoto, tunamngoja mtoto yule amalize kuandika."

"Dawa gani hiyo?" mama alimuuliza siku moja.

"Si dawa. Ni hesabu. Yeye alikuwa na hesabu, sisi tulikuwa na mabega."

Kwa sababu ya kijana yule wa Burma nilipelekwa shule. Baba hakutaka mwanawe awe na mabega tu.

Nilisoma Nyamwaga nikiwa mdogo, kisha nikafaulu kwenda sekondari ya misheni upande wa pili wa mto Mara. Mto huo tuliuvuka kwa pantoni. Huko tulifundishwa Kiingereza, Biblia, wafalme wa Uingereza waliokatana vichwa, elimu ya mimea na wanyama, na kilimo. Kilimo kilikuwa kingi. Tuliokua tukichunga na kulima tangu tunatambaa tulifundishwa namna ya kushika jembe na bwana aliyevaa glavu. Hisabati nayo ilifundishwa, na nilikuwa naiweza. Sisemi kwa majivuno. Majivuno hayo yameshanigharimu, na nitaeleza yalivyonigharimu.

Fizikia haikuwapo.

Nilikuwa na rafiki kutoka Ikoma, kijana mrefu mwenye mdomo. Tulitaniana kutwa. Mimi nilimwambia watu wa kwao ni wala nyumbu, yeye aliniambia Mkurya hawezi kulala usingizi mpaka asikie ng'ombe akikohoa. Tulipokuwa darasa la kumi na mbili, yeye ndiye aliyekuja kunivuta shati tukitoka kula, akiniita kijana kwa Kikurya changu.

"Mura, njoo usome. Wanatutafuta."

Ukutani pa ofisi palikuwa pamebandikwa tangazo. Serikali ilitaka vijana Waafrika wa kufunzwa uofisa wa jeshi. Chini yake, tangazo jingine: nafasi za kusomea uhandisi katika chuo cha ufundi Nairobi, madaraja, barabara, mitambo. Yote mawili yalikuwa na sharti moja. Mwombaji awe amefaulu hisabati na fizikia.

Tulikwenda kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alitupokea, akavua miwani, akaifuta.

"Fizikia inataka maabara," alisema. "Maabara inataka fedha. Na nyumbani kwenu mnahitaji kujua mbolea zaidi ya sumaku."

"Sasa tangazo lile, bwana, umetubandikia la nini?" rafiki yangu aliuliza.

"Serikali imeagiza libandikwe."

Nimezunguka na jibu hilo maisha yangu yote. Shule ile ile ya serikali na misheni, iliyoamua kwamba mtoto wa mfugaji asifundishwe fizikia, ilitumia gundi yake yenyewe kubandika tangazo la kumwambia kwamba bila fizikia hatakiwi. Wala mkuu hakuona ajabu yoyote. Alirudisha miwani usoni akatuuliza kama bustani ya kabichi imemwagiliwa.

Mwalimu mmoja kijana alituazima kitabu chake cha zamani cha fizikia kisichokuwa na jalada. Tulifunga jiwe kwa kamba tukaliacha libembee chini ya dari la bweni, tukarefusha kamba, tukaifupisha, tukaona kwamba uzito wa jiwe haubadili kitu, ila urefu wa kamba. Sijasahau furaha ya siku ile. Lakini kuandikishwa kwenye mtihani haikuwezekana. Shule isiyo na maabara haikuruhusiwa kumtahini mtu fizikia, hata kama mtu huyo ameimeza fizikia nzima.

Matokeo yalipotoka, sote wawili tulifaulu hisabati vizuri sana. Mwalimu yule kijana akatushauri tuombe tu. Huenda, alisema, kwa kuwa wanataka Waafrika kwa haraka, watasamehe sharti moja. Tukaomba, tukaitwa Tarime bomani kwa mahojiano.

Baba alinisindikiza. Alivaa koti lake la jeshi ingawa jua lilikuwa kali, akabandika medali. Njia nzima kutoka Nyamwaga alitembea mbele yangu, mguu mbovu akiuburuta kidogo, na kila tuliyekutana naye alimwambia tunakokwenda bila kuulizwa. Tulipofika alibaki nje kwenye benchi la wenye kesi. Rafiki yangu alikuwa ameshafika, ameazima viatu vinavyombana.

Niliitwa wa kwanza. Mezani walikuwa watatu. Ofisa wa jeshi mwenye masharubu mekundu, Bwana Elimu mwenye faili langu, na pembeni, amejikunja juu ya karatasi zake kama mtu ambaye hayamhusu, Bwana Mifugo. Ofisi ile ilikuwa yake; walikuwa wameiazima kwa siku hiyo.

Mahojiano yalikuwa kwa Kiingereza na yalikwenda vizuri. Kisha ofisa yule akataka kunipa nafasi ya kupumua, akageukia Kiswahili chake cha kambini.

"Baba yako nafanya kazi gani?"

"Mkulima na mfugaji, bwana. Alikuwa koplo Burma. Yuko hapo nje."

"Ah! Mzuri sana. Sasa yeye iko na ng'ombe ngapi?"

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu, lazima nieleze. Nyumbani kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Jioni baba alisimama mlangoni pa zizi, wakapita mbele yake, yule mwenye madoa, yule wa pembe moja, yule mweusi wa mahari ya shangazi, na baba alijua nani hayupo kabla wa mwisho hajaingia. Lakini kusema ni wangapi, hapana. Ni kama kuuita ugonjwa uje uwachukue. Jirani akikuuliza wangapi, unamtazama mara mbili na unakumbuka alikuuliza. Unajibu "wapo", na mtu mwenye adabu anaishia hapo.

Mimi niliijua idadi. Likizo moja, nikiwa nimelewa hisabati, nililala juu ya kichuguu nikawahesabu wakipita, kimoyomoyo, midomo imefungwa. Nikafanya hivyo tena hata kwa wale ambao baba alikuwa amewaweka kwa mjomba upande wa Ikoma, kama watu wote wenye akili walivyofanya, ili ugonjwa au msako ukiingia huku, kule wabaki wa kuanzia upya. Nilijiona nimeelimika. Nilijiona nimemzidi hata mwenye ng'ombe.

Sasa mtu wa jeshi ananiuliza hesabu, na mbele yake kuna karatasi inayosema mimi ni bingwa wa hesabu. Ningejibu "wapo" angeandika kwamba sijui kuhesabu. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Nikataja idadi. Nikaitaja kwa sauti, kamili, na kwa kuwa nilitaka kuonyesha jinsi ninavyotenganisha mafungu, nikaongeza: hawa ni wa nyumbani, na hawa wako Ikoma kwa mjomba, jumla yake hii.

"Mzuri!" ofisa akacheka. "Huyu najua hesabu!"

Bwana Mifugo aliinua kichwa. Ni kitu kidogo hicho tu, aliinua kichwa akanitazama kwa mara ya kwanza, kisha akakiinamisha tena. Kalamu yake ilisogea.

Ndipo Bwana Elimu akauliza, "Na fizikia?"

"Shule yetu haifundishi, bwana. Lakini nimeisoma mwenyewe. Naweza kueleza bembea ya jiwe, naweza..."

"Hapa hakuna alama ya fizikia."

"Hatukuruhusiwa kuifanyia mtihani, bwana."

"Basi masharti hayajatimia." Akafunga faili. Hakulifunga kwa hasira. Alilifunga kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake jioni.

Ofisa alinisindikiza kwa macho hadi mlangoni. "Lakini kifua yako mzuri," alisema. "Kama unataka kuingia askari ya kawaida, lori nakuja mwezi ujao."

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakukusudia tusi.

Rafiki yangu aliingia baada yangu, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi nilimsikia. Alipoulizwa la ng'ombe, alijibu, "Wapo, bwana."

"Wapo ngapi?"

"Wapo wote."

Wakacheka wote mezani. Naye fizikia ilimtoa kama ilivyonitoa mimi. Alitoka amevua viatu, ameviweka kwapani.

"Wewe wamekuuliza ng'ombe?" akaninong'oneza, baba asisikie.

"Wameniuliza."

"Ukasemaje?"

Niligeukia dirisha lile. Alinitazama, na utani ukamtoka usoni. "Mura. Yule wa pembeni si Bwana Mifugo?"

Njiani kurudi, baba aliuliza mara moja tu wamesemaje. Nikamweleza juu ya fizikia. La idadi sikumweleza. Alitembea mpaka tulipofika kwenye mgomba wa kwanza wa Nyamwaga, akasimama kupumzisha mguu.

"Hiyo fizikia," alisema, "inapatikana wapi?"

"Kuna shule Kenya, kupita Sirari. Nikikaa huko miaka miwili naweza kuifanyia mtihani. Wanataka karo."

"Miaka miwili tu? Mimi nilikaa Burma zaidi ya hapo, na sikuletewa hata cheti." Akacheka. "Andika barua. Tutauza dume jekundu na wale mitamba wa Ikoma. Wakija tena na faili lao utawawekea fizikia mezani waione."

Nikaandika, na shule ikajibu kwamba nafasi ipo mwanzoni mwa mwaka. Kwa majuma kadhaa nilikuwa kijana mwenye furaha kuliko wote Nyamwaga. Nilipalilia mahindi nikiimba. Bwana Mifugo nilishamsahau.

Wakati ule serikali ilikuwa imetoa amri ya kupunguza mifugo. Walisema ng'ombe wetu wanaimaliza nchi. Nyumbu na pundamilia wa upande wa mbuga, ambao hakuna aliyeweza kusema idadi yao, hawakuimaliza. Kila boma lilitakiwa kupeleka mnadani sehemu ya mifugo yake. Watu waliishi na amri hiyo kwa namna yao. Jumbe alikuja, akauliza, akajibiwa "wachache", akaandika wachache, akanywa togwa, akaondoka. Jumbe naye alikuwa na ng'ombe, na naye walikuwa wachache.

Asubuhi moja jumbe alikuja akiwa nyuma ya Bwana Mifugo. Hakututazama usoni. Tulikuwa tunafungua zizi.

"Shikamoo mzee," tarishi wao alimsalimu baba.

"Marahaba. Karibuni. Mmekuja kuona ng'ombe? Wachache tu hawa, mnawaona."

Bwana Mifugo alifungua karatasi akaisoma idadi. Ya nyumbani. Kisha ya Ikoma, na jina la kijiji cha mjomba. Kisha jumla. Aliisoma pale pale mlangoni pa zizi, ng'ombe wakiwa wanapita mbele yake. Mama alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa. Alikiweka chini akaziba masikio kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona mama akiziba masikio, hata kwa matusi.

Baba hakuuliza nani amesema. Palikuwa na mtu mmoja tu katika boma lile ambaye angeweza kuijua jumla. Alinitazama muda mfupi, kisha akamgeukia jumbe akauliza mnada ni siku gani.

Nilikimbia bomani kesho yake. Niliomba kumwona Bwana Mifugo nikasimama mbele ya meza ile ile.

"Bwana, nilikosea. Siku ya mahojiano nilikuwa na hofu. Ile idadi si sahihi. Nilichanganya."

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo ninalichukia mpaka leo.

"Wewe hukukosea," alisema. "Nimeona matokeo yako. Mtu mwenye alama kama zako za hisabati hachanganyi."

Hapo ndipo hisabati yangu ilipokubaliwa kwa mara ya kwanza na ya mwisho na serikali ile. Kwa ofisa wa jeshi haikutosha. Kwa chuo cha Nairobi haikutosha. Kwa kuwatoa ng'ombe zizini mwa koplo wa Burma, ilitosha bila fizikia.

Siku ya mnada kila boma lilileta ng'ombe wake kwa pamoja, na wanunuzi waliokuja walikuwa wanajua hivyo. Bei ilianguka kabla ya saa nne. Dume jekundu lilikwenda kwa bei ya ndama. Mitamba wa Ikoma walifuata. Baba wa rafiki yangu, ambaye mwanawe alisema "wapo wote", alipeleka mnadani ng'ombe mmoja mzee na akarudi nyumbani kwake. Kilichobaki kwetu baada ya kodi hakikufika hata karo ya muhula. Mwanzo wa mwaka ulipofika, shule ya Kenya ilimpa mwingine nafasi yangu. Mimi nilikwenda Mugumu, wakati huo pakiwa na maduka machache na vumbi, kufundisha watoto hesabu.

Nimefanya kazi hiyo hadi nikazeeka. Vitabu vilivyokuja vilikuwa vimejaa ng'ombe: baba ana ng'ombe kadhaa, ameuza kadhaa, wamebaki wangapi. Nilibadilisha kila swali. Wanafunzi wangu walihesabu magunia, embe, matofali. Wakaguzi waliniuliza sababu, nikawaambia magunia ni rahisi kuchora.

Makosa yangu nayajua. Nilitaka kusifiwa na mtu aliyekuwa hana hata Kiswahili cha kunisifia. Niliitoa mbele ya wageni siri ambayo hata jirani hakuthubutu kuiulizia. Sitafuti wa kunibebea hilo. Lakini nikishalikubali langu, bado nauliza lao. Nani aliamua kwamba ng'ambo ya mto ule sumaku isifike? Na waliokuwa wakiuliza ng'ombe ni wangapi, kwa nini hawakutuuliza hata siku moja ni wangapi kati yetu tungetaka kujifunza?

Mara moja tu nilijaribu kumwomba baba msamaha. Ilikuwa jioni, amesimama mlangoni pa zizi kama kawaida, ng'ombe wamebaki wachache, wa kupita haraka.

"Tata," nilisema, "idadi ile ni mimi."

"Najua."

"Nilidhani nikiitaja watanichukua."

Alingoja wa mwisho aingie, akasogeza miti ya mlango.

"Burma walituhesabu kila asubuhi," alisema. "Tunapanga mstari, kijana yule anapita na karatasi. Kila asubuhi anaandika idadi, na kila asubuhi ni ndogo kuliko ya jana. Nilikupeleka shule ukawe yule anayeandika. Sikukumbuka kukwambia kwamba sisi wengine tulikuwa kwenye mstari."

Wajukuu zangu wamesoma fizikia, maabara ipo hapa hapa wilayani, na mmoja wao ni mhandisi wa barabara. Wananiuliza, babu, wale ng'ombe kwani walikuwa wangapi? Nalo ni swali la kawaida kwao, hawana ubaya.

Walikuwapo, nawaambia. Walikuwapo wote.